Anayetaka Kisiwa Kipya Aanzie Darajani

Assalaam aleykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Nikija hapa leo nimepita Darajani, na kama kawaida sikuona daraja. Palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo katika karne iliyopita hata ukawa barabara na viwanja. Kwa hiyo anayedhani kuipokonya bahari ardhi ni mambo ya Dubai hajui aliposimama.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu nusu ya Wazanzibari wote, na si ajabu vijana wakiuliza kwa nini nasi tusijenge kisiwa.

Kazi yenyewe ni ya mchanga. Meli huufyonza chini ya bahari, huurusha kwa bomba hadi mahali palipopimwa, kisha hushindiliwa kwa kutikiswa mpaka chembe zikakaa, na pembezoni hupangwa mawe ya kuvunja mawimbi. Palm Jumeirah, kisiwa cha Dubai kilichoanzwa 2001, kilimeza mchanga wa takriban mita za ujazo milioni 94, wote wa baharini, ingawa jangwa liko mlangoni, kwa kuwa mchanga uliosuguliwa na upepo haushikani. Ukuta wake wa kuvunja mawimbi nao ulibidi uachiwe mapengo ili maji ya ndani yasituame. Kule Japani, kisiwa cha uwanja wa ndege wa Kansai, uliofunguliwa 1994, kimekwishadidimia zaidi ya mita 10 tangu kijengwe, maana uzito wake unaukamua maji udongo laini ulio chini.

Wengi hunitajia Maldivi, na mfano huo ni mzuri: mji mkuu wao, Malé, ulipojaa, walianza kufukia bahari kujenga kisiwa cha Hulhumalé 1997, na watu wakahamia 2004. Lakini kisiwa kile kiko kiasi cha mita 2 tu juu ya bahari, na kwao maji kupwa na kujaa hutofautiana kwa takriban mita 1. Kwetu wakati wa bamvua, maji yajaapo na kupwa kupita kawaida, tofauti hiyo hufikia karibu mita 4. Kimo kinachowatosha wao, sisi kingetulowesha miguu sebuleni.

Basi atakayeleta mchoro, kabla hajataja bei ya viwanja, nitamwuliza mchanga utatoka wapi. Wa kujengea nyumba tu tunaugombania. Na ukichotwa mbele ya visiwa vyetu vya Bawe au Chapwani, tope litafuata mkondo hadi kwenye matumbawe, ambako wavuvi wetu hutega madema.