Moshi Kutoka Ardhini: Mji wa Nicodemus na Treni Isiyofika

Ndugu zangu, wazee wetu, mama zetu, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi nyie mliokuja na watoto. Nilipoambiwa mhadhara ni Jumamosi saa kumi jioni nilijua nitakuja kuongea na viti.

Nimeombwa nizungumzie miji midogo ya reli ya hapa Kansas. Mnaifahamu. Mkiendesha kwenda Denver mnaipita: ghala refu la nafaka, kanisa, mabati, halafu nyika tena. Ningeweza kuchukua wowote. Nimechukua Nicodemus, kule wilaya ya Graham, kaskazini-magharibi. Nao reli haikuufikia, ndiyo maana nimeuchagua. Mkitaka kujua reli ilikuwa na nguvu gani juu ya mji, tazameni ule iliounyima.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa stesheni. Nimekulia Manyoni, Reli ya Kati, ambako treni ikiingia mama zetu walikimbilia madirishani na masinia ya mayai ya kuchemsha na karanga. Siku treni isipokuja, nyumbani tulijua kwenye sufuria. Kwa hiyo haya mambo siyasomi kwa macho tu.

Twende Kentucky, 1877. Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha miaka 12 nyuma. Aliyekuwa mtumwa yuko huru, lakini shamba ni la bwana yuleyule, na anayejaribu kudai haki yake anaweza kugongewa mlango usiku. Sasa inasikika habari kwamba huko Kansas serikali inagawa ardhi. Sheria ya 1862 ilisema hivi: chukua ekari 160, ishi juu yake miaka mitano, ulime, iwe yako. Ekari 160, kwa mtu ambaye juzi yeye mwenyewe alikuwa anahesabiwa kama mali!

Aprili 1877 ikaundwa kampuni ya kuanzisha huo mji wa Nicodemus. Rais wake alikuwa mtu mweusi, Mchungaji W. H. Smith. Mshirika wake alikuwa mzungu kutoka Indiana, W. R. Hill, mtaalamu wa kuuza viwanja. Huyu Hill alizunguka makanisani Kentucky akiwasimulia watu nchi ya neema: udongo mweusi, wanyama wa kuwinda, farasi wa mwituni wa kukamata. Kiwanja kimoja mjini dola 5. Dalali ni dalali, hata kama ni wa karne ya 19.

Septemba ile wakaja watu kama 300 kwa mkupuo. Walisafiri kwa treni hadi Ellis, mji wa reli hasa. Pale wakashushwa na mizigo yao, na kutoka Ellis kwenda Nicodemus ni zaidi ya kilometa 50 za majani matupu. Reli imewafikisha hapo. Kilichobaki, miguu.

Kundi jingine likaja mwaka uliofuata, 1878, na ndani yake alikuwemo mama mmoja ambaye mimi nikisoma maneno yake huwa nasimama kidogo. Anaitwa Willianna Hickman, mke wa Mchungaji Daniel Hickman. Pale Ellis surua ikaingia kwenye mahema yao, ikaua watoto. Wakazika, wakafungasha. Siku mbili wakasafiri kwa mikokoteni bila barabara, wakifuata dira na njia za wanyama. Hatimaye wanaume wakaanza kushangilia: Nicodemus hiyo! Mama Hickman akatazama kwa macho yake yote. Haoni nyumba. Akamuuliza mumewe, iko wapi? Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Ndiyo ile pale.

Watu walikuwa wanaishi ndani ya mashimo. Kwenye nchi isiyo na miti utajenga na nini? Walichimba ubavuni mwa kilima, wakafunika juu kwa fito na udongo, wakatoboa tundu la moshi. Nyie wa Dodoma na Singida, fikirieni tembe lililozama nusu ardhini. Mama Hickman anasema waziwazi kwamba alianza kulia.

Si yeye peke yake. Familia kadhaa zilipoiona ile "neema" ziligeuza siku ya pili. Inasimuliwa kwamba waliobaki walimtafuta Hill wamfundishe adabu kwa kamba, naye akajificha. Mambo ya dunia: leo makao makuu ya wilaya ile yanaitwa Hill City, kwa jina lake. Mchungaji Smith hana mji.

Msimu wa kwanza wa baridi ulikuwa wa njaa. Mbegu hakuna, wanyama wa kukokota jembe ni wa kuhesabu. Waliowasaidia ni Waosage, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliopita wakitoka kuwinda wakawagawia nyama. Hawa nao walikuwa wamenyang'anywa ardhi, lakini nyama walitoa. Masika yalipofika, watu wakapasua nyika kwa majembe ya mkono na koleo. Majani yale mizizi yake imesukana kama mkeka; ukipiga jembe linakurudia.

Hapa nitakwenda mbio. Ndani ya miaka kumi yale mashimo yakawa mji. Zachary Fletcher alifungua posta, duka na hoteli. Mkewe Jenny alianza kufundisha watoto ndani ya shimo lao. Yakaja makanisa, benki, na magazeti mawili. Moja likiitwa Western Cyclone, jina la majigambo kweli. Edward McCabe, kijana aliyefika 1878, alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo cha kuchaguliwa na jimbo zima hapa.

Basi likabaki moja. Mkulima wa ngano bila treni anapeleka gunia kwa mkokoteni siku mbili. Faida yote inaliwa na farasi. Machi 1887 wakazi wakapiga kura kukopa dola 16,000 wailipe kampuni ya Missouri Pacific ilete reli. Mnaielewa hiyo? Mji ndio unaoihonga reli ije. Ndivyo ilivyokuwa nyika nzima. Makampuni yale yalikuwa yanakaa kama bwana harusi anayepelekewa mahari.

Missouri Pacific haikuja. Kampuni nyingine ya reli, Union Pacific, ikaja 1888, lakini ikapita upande wa kusini wa Mto Solomon. Kambi ya wajenzi wake, kilometa chache tu ng'ambo ya mto, ikageuka mji unaoitwa Bogue. Wenye maduka Nicodemus wakafanya hesabu, wakavuka. Enzi zile nyumba ya mbao mtu aliweza kuivuta kwa farasi akahama nayo, kwa hiyo duka halikufungwa, liliondoka!

Vitabu vingi vinasema hapo mji ulikufa. Mimi nabisha. Waliohama ni wafanyabiashara. Mwenye ekari 160 hahami kwa sababu treni imepita kando. Shamba halikokotwi na farasi. Waliendelea kulima, wakivuka mto na ngano yao kwenda kupanda treni ya Bogue. Ukame na tufani za vumbi za miaka ya 1930 ziliwaumiza, pengine kuliko reli. Hata hivyo, 1939 ndipo walipopata ukumbi wao wa mawe ya chokaa, unaosimama hadi leo. Posta ilifungwa 1953. Tangu 1996 mahali pale ni eneo la kihistoria la taifa, na sensa ya 2020 ilikuta wakazi 14.

Kumi na wanne! Nilikwenda mwaka jana nikaamini nimepotea. Upepo, majani, kanisa limefungwa. Baba mmoja aliyekuwa anarekebisha uzio akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, Nicodemus. Akacheka mpaka akaweka koleo lake chini.

Kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu wanarudi kutoka Denver, Topeka, California. Sikukuu yenyewe ilianza kama kumbukumbu ya Agosti mosi, siku watumwa wa makoloni ya Waingereza huko Karibi walipoachiwa huru, 1834. Kuna gwaride barabarani, kuna nyama ya kuchoma, na watoto wanaonyeshwa shamba lipi lilikuwa la nani.

Nawaomba twende mwaka huu, basi moja litatutosha. Mama Neema ana karatasi ya majina pale mlangoni. Chukueni kofia na maji. Mafuta tujaze kabla, Nicodemus hakuna kituo.