Mimea ya Majini: Ing'olewe au Iachwe?

Ndugu zangu, waiteni pamoja watu wote wanaotumia mto mmoja, muwaulize kama mimea iliyomo iondolewe. Mkulima wa bondeni atasema iondolewe yote, tena leo, maana ikisongamana maji hupungua mwendo, kina hupanda na shamba hufurika. Mwenye boti atamuunga mkono. Mvuvi atasitasita: anataka pa kutupia ndoano, lakini anajua samaki wachanga hujificha humo humo. Mwanaikolojia, mtaalamu wa viumbe na mazingira yao, atasema msiguse.

Wote wanasema kweli, ndiyo maana mikutano hii huisha kwa ugomvi. Mimi naona swali lenyewe ndilo bovu, kwa sababu halisemi ni mmea gani.

Gugumaji, lenye asili ya Amerika Kusini, huelea likafunika uso wa maji, mwanga usipite. Likipata joto na virutubisho vya kutosha, huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Hapo hata mwanaikolojia hubadili kauli; miaka ya 1990, Ziwa Victoria liliachiwa fukusi, wadudu wadogo walao gugu hilo, ili walishambulie.

Mimea iliyozama, yenye mizizi chini, ni habari nyingine kabisa. Katika ziwa lenye kina kifupi, hiyo ndiyo inayotuliza tope na kugombea virutubisho na mwani. Iondoeni yote, na huenda maji yakageuka kijani kwa mwani. Aliyelalamikia majani sasa atalalamikia harufu.

Halafu kuna namna ya kuondoa, jambo ambalo wengi hulipuuza. Majani yaliyokatwa yakiachwa majini huoza, oksijeni ikapungua, samaki wakafa. Kipande cha hydrilla, mmojawapo wa mimea iliyozama, kikichukuliwa na mkondo huota kwingine. Basi yatolewe nchi kavu, yakae kwanza ukingoni ili konokono na wadudu wajirudie majini, kisha yasombwe mbali kabla uozo haujatiririka kurudi. (Mwenye ukingo naye aombwe ruhusa, huyu husahauliwa kila mara.)

Rai yangu: katika mto, kateni njia katikati, acheni ya kingoni, tena si msimu wa samaki kuzaa. Mkulima ataona mmekata kidogo, mwanaikolojia ataona mmezidisha. Na watu wa chini ya mto, ambao vipande vitawafikia, waalikwe kabla ya kukata.