Njia ya Kushukia Ziwani

Mwangaluka! Sijasikia vizuri. Mwangaluka! Hapo sawa, sasa najua niko Mwanza.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana mnaosomea kuongoza wageni mliokaa hapa mbele, na akina mama wa mwaloni mlioacha biashara asubuhi hii mkaja kunisikiliza, asanteni. Nimepewa mada ya vivutio vya Kanda ya Ziwa. Nitavigusa, lakini mnanijua. Wengi wenu mmeshanisikia zaidi ya mara moja na neno langu halijabadilika: sisi wenyeji hatujalitembelea ziwa letu. Tunalinywa, tunalila, tunalivuka, tunalipiga picha kutoka mlimani. Kulitembelea bado.

Nawasikia kule nyuma: "Mwalimu, mimi naliona kila siku." Ndiyo, na hata Speke, yule mpelelezi Mwingereza, aliliona. Mwaka 1858 alisimama kilimani huku kwetu, akatazama maji, akalipa jina la malkia wake wakati wenyeji walikuwa wanaliita Nyanza tangu zamani. Aliporudi, mwenzake wa safari, Burton, alikataa kukubali kwamba mtu aliyetazama tu kutoka kilimani anaweza kujua Mto Nile unaanzia wapi. Ilibidi Speke arudi tena, na mwaka 1862 ndipo alipofika Jinja, akayaona maji yakitoka. Kuona na kufika ni vitu viwili.

Sasa niwasimulie habari ya michoro. Waliokwisha kuisikia wanivumilie, maana sijapata nyingine inayosema vizuri zaidi.

Kabla sijastaafu nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule moja ya mlimani. Sitaitaja. Ukisimama mlangoni mwa darasa unaiona ghuba yote. Siku moja nikawaambia watoto: choreni njia ya kutoka nyumbani kwenu hadi ziwani. Walikuwa zaidi ya sitini, karatasi zikagawanywa nusu nusu. Mawe waliyachora vizuri kweli, maana wanaishi juu yake: jiwe kubwa, jiwe dogo limekalia jiwe kubwa, nyumba ya bati imebanwa katikati. Lakini ziwa wakaliweka juu kabisa ya karatasi, juu ya mapaa, kama mbingu ya pili. Nikataka kuwasahihisha. Kabla sijafungua mdomo nikatoka nje kutazama mwenyewe. Walikuwa sahihi. Ukiwa mlimani, upeo wa maji hauko chini yako, uko sawa na macho, na mapaa yote yako chini yake. Mwalimu nilikuwa nimetazama ile ghuba miaka mingi bila kuiona kama wao.

Kilichonitoa usingizi ni njia. Njia ziliteremka mlimani, zikapita dukani, kanisani, msikitini, kituo cha daladala, halafu zikakatika. Zaidi ya nusu hazikufika kwenye maji. Binti mmoja yake ilifika karibu, kisha akachora mstari mnene mweusi. Nikamuuliza, "Hii ni nini, mama?" Akasema, "Geti, mwalimu." "Na nyuma ya geti?" "Sijui. Kuna mbwa."

Nilirudi nyumbani na ile karatasi kwenye mkoba.

Jumamosi iliyofuata, kwa ruhusa ya wazazi, tuliwashusha wale watoto kwa miguu. Saa mbili asubuhi tuko njiani, walimu wanne. Ukuta wa kwanza tukauzunguka. Ukuta wa pili ulikuwa na mlinzi, kijana mwenye adabu kabisa. "Shikamoo mwalimu, mimi hapa ni mfanyakazi tu." Sikumlaumu. Tukarudi barabarani, tukajaribu kichochoro kingine, kikaishia kwenye mtaro. Saa nzima na nusu tulitafuta maji ambayo tulikuwa tunayaona! Hatimaye akina mama wawili wenye ndoo za dagaa wakatuonyesha, tukatokea kwenye mwalo mdogo.

Pale palikuwa na mzee anashona nyavu. Akawatazama watoto walivyosimama mbali na maji, wamejibana kama kuku mvuani, akaniuliza, "Mayu, hawa umewatoa Kahama, kusiko na ziwa?" Nikamjibu, "Hapana, baba, nimewatoa mlima ule pale." Akaliangalia lile jiwe nililomwonyesha. Akaweka sindano chini.

Yule mzee aliwafundisha watoto kwa saa moja mambo ambayo mimi nisingeyafundisha kwa muhula. Aliwaambia upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku ukageuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mawingu ya radi hujikusanya huko katikati wakati watu wamelala, ndiyo maana mvuvi huogopa usiku kuliko mchana. Mtoto mmoja akauliza kuhusu mji unaowaka taa usiku ng'ambo ya maji, kwamba ni Ukerewe au ni Musoma. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Zile ni taa za wavuvi wa dagaa, mtoto wangu. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo wavuvi huingia siku za giza, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika. Yule mtoto akanyamaza, kisha akasema, "Ndiyo maana ule mji huwa unahama." Miaka yote alikuwa akiuona kutoka dirishani, na alikuwa ameshagundua kwamba unahama. Hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Haya. Najua hoja zenu, ngoja nizijibu.

Ya kwanza ni kichocho. Kweli kipo, na atakayewaambia hakipo anawadanganya. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, penye majani, na hutoka zaidi jua linapokuwa kali. Kichocho cha ziwani kwetu mara nyingi ni cha tumbo, kinaingia ziwani kwa vinyesi vyetu wenyewe. Dawa yake ipo, watoto hupewa shuleni. Lakini nani kasema kutembelea ni kuoga? Nilichotaka ni wafike, wasimame juu ya jiwe, waone furu, wale samaki wadogo, wanavyokimbilia kivulini. Tena mtu anayependa ufukwe wake hatakubali choo kimwagiwe pale.

Ya pili ni nzito, nitaisema polepole. Kuna mama alinifuata akaniambia, mwalimu, mwanangu hapandi boti. Ninyi hamna haja ya kuambiwa kilichotokea tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Makaburi yako Igoma. Na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia gati la Ukara, imejaza kupita kiasi. Siwezi kumwambia mzazi asiogope. Ninachomwambia ni hiki: mtoto aliyekua bila kujua maji ndiye atakayepanda chombo kilichojaa siku moja, kwa sababu hajui kwamba anayo haki ya kukataa. Mfundishe kuhesabu watu kwenye boti. Mfundishe kufunga jaketi okozi kabla kamba haijafunguliwa. Mfundishe kusema "nashuka" na kushuka kweli, hata nauli ikipotea. Hofu peke yake haimfundishi mtoto hayo.

Ya tatu, hela. Hapa nakosa subira. Kushuka kwa miguu hakuna kiingilio! Kinachotugharimu ni kuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri ukingo wa ziwa, ndani ya mita 60. Mita 60 mnazijua wote, kila mtaa wa pwani umeshahutubiwa juu yake, na mara nyingi anayehutubiwa ni mama wa dagaa mwenye kibanda cha mabati. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa likatukumbusha lenyewe mpaka wake uko wapi. Naomba kila mtaa unaopakana na maji uwe na kichochoro kimoja, upana wa watu wawili kupishana, kinachofika kwenye maji na hakina geti. Kimoja tu. Viongozi wa mitaa mko hapa, nawaona, msiangalie simu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, vivutio.

Saanane iko hapa hapa, dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Imepewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyeishi kisiwani kabla ya serikali kuanzisha bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Kiingilio cha Mtanzania ni cha chini kuliko cha mgeni. Nendeni asubuhi maji yakiwa yametulia. Mtawakuta pimbi wameota jua, na yule mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Wanasayansi humwita Agama mwanzae. Jina la mji wetu limo ndani ya jina lake, na watoto wetu wanampiga mawe.

Na hayo mawe yenyewe! Graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipasuka ikiwa bado ardhini, maji yakala kona zake, udongo ukaondoka, yakabaki yamepandana hivi. Ziwa lina miaka kama 400,000 tu, na katikati hapo lilishawahi kukauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Ni mtoto aliyekuja kulala miguuni pa bibi. Na sisi tunamponda bibi kokoto. Nilitaka kusema zaidi hapa, nitaacha.

Ukerewe: pandeni meli hadi Nansio, mkapande kilima cha Handebezyo. Ukara kuna jiwe linalocheza. Bujora, pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, mwende wakati wa ngoma za Bulabo. Daraja jipya la Kigongo na Busisi lina kama kilomita tatu, na wengi mmelipita ndani ya basi mmelala. Kisiwa cha Rubondo kinahitaji mhadhara wake: sokwe walioletwa kutoka Ulaya miaka ya sitini wakaachiwa msituni, nzohe, yule swala wa majini, na tembo. Mkiniita tena nitaanzia hapo.

Jambo la mwisho, na hili nimekuja nalo. Ile michoro ya darasa la tano niliitunza. Nimeitoa nakala bila majina ya watoto, iko kwenye meza ya mlangoni. Kila anayetoka achukue moja. Chini nimeandika mtoto alianzia mlima gani. Nendeni mkaanzie pale pale, mteremke kwa miguu, mtafute njia mpaka mguse maji. Pale ilipokatika kwenye karatasi, malizieni kwa kalamu. Mkikuta geti, choreni geti. Mniletee kabla ya shule kufungwa, wale watoto sasa wako sekondari na wameniuliza.