Bwana harusi, chagua suti kwa kuanzia mabegani

Habari zenu ndugu zangu, karibuni dukani kwetu Kariakoo. Leo ni zamu ya mabwana harusi. Desemba hii kila ukumbi una sherehe, na kila siku anaingia kijana ananionyesha picha kwenye simu: "Kaka, nataka kama hii." Picha nzuri kabisa, ila yule wa kwenye picha kapigwa kwenye baridi. Wewe unaoa Dar, mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo kabla sijashusha hata suti moja nauliza: ndoa ni saa ngapi, wapi, na ukumbini kuna kiyoyozi au feni?

Kama ndoa ni kanisani mchana na picha mnapigia ufukweni, chukua kitambaa chepesi, sufu nyembamba au lineni iliyochanganywa. Lineni tupu inakunjamana haraka sana. Ukishuka garini tu, magoti na viwiko vimeshajikunja. Kama unafunga ndoa umevaa kanzu na joho, halafu suti ni ya ukumbini usiku, hapo taksido yenye kola ya satini inakaa mahali pake. Mchana iache, ni nguo ya usiku. Anayeoa Arusha au Moshi mwezi wa saba avae sufu nzito bila wasiwasi, baridi ya kule anaijua mwenyewe.

Haya, kitambaa. Mdogo wangu, sogeza kamera hapa mezani. Mnaiona hii lebo ya kwenye mkono wa koti, "Super 120"? Namba hiyo inahusu wembamba wa nyuzi za sufu, lakini lebo yoyote inaweza kushonwa juu ya polista. Kwa hiyo mwombe muuzaji achomoe uzi mmoja ndani ya pindo la suruali, uchome. Huu hapa. Unaungua polepole, unanuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika vidoleni. Hiyo ni sufu. Sasa huu mwingine... ngoja, kamera imepoteza fokasi. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Haya. Umeyeyuka, umeacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa cha moto! Hiyo ni polista. Siikatazi, bei yake inabeba watu wengi, ila jasho haipitishi. Ukiichukua, tafuta koti lenye bitana nusu mgongoni, angalau hewa ipite.

Sasa hapa nisikilizeni, na nitarudia mpaka mnichoke. MABEGA. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Usiangalie kiuno kwanza, usiangalie urefu wa mikono. Simama ubavu ukutani, sogea taratibu. Pedi ya koti ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti kubwa. Mkono ukigusa kwanza, halafu pale chini ya mshono pamebonyea, koti dogo. Njoo mdogo wangu, geuka. Hii ni saizi 50. Kifua kimemkaa vizuri, mtu angelipa saa hiihii. Lakini tazameni hicho kishimo chini ya mshono. Hapana. Vua, lete 52.

Mnaona tofauti? Kiunoni sasa imempwaya, na sina shida kabisa na hilo. Kiuno fundi anapunguza, mikono anapunguza, suruali anapunguza. Bega ni kufumua mkono mzima, kutoa pedi, kukata upya, na mara nyingi mkono ukirudishwa hauanguki tena sawa. Fundi akikwambia "lete tu, bega nitalibana," mshukuru, kisha utafute koti jingine. Nasema tena: mabega.

Mengine haraka. Kola ya nyuma ilale juu ya kola ya shati, isiachie uwazi. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo, kafu ya shati ichungulie sentimita 1 hadi 1.5. Koti lifunike makalio. Suti ya vifungo viwili unafunga cha juu, cha chini unaacha. Ukiona mikunjo ya X tumboni, inabana. Suruali ipimwe ukiwa na viatu vya harusi miguuni, siyo kandambili.

Halafu jaribu kazi za siku yenyewe. Piga magoti kama uko madhabahuni. Inua mikono kama unafungua shampeni. Nyoosha mkono kama unamlisha mwenzio keki, au ndafu kama wakwe ni Wachaga! Chuchumaa. Cheza kidogo, maana ukumbini utaingia ukicheza. Mdogo wangu, cheza basi. Eeh, hapo suruali haijalia, tunaendelea.

Kwenye mtindo, mimi napenda vipande vitatu. Jioni joto likizidi unavua koti, kizibao kinabaki, na bado unaonekana bwana harusi na siyo mgeni mwalikwa. Ile ya vifungo sita ya kupishanisha inapendeza sana, lakini lazima ikae imefungwa muda wote, na kwa joto letu naishauri penye kiyoyozi tu. Wapambe wakivaa rangi moja na wewe, wao wasivae kizibao. Inatosha kuwatofautisha.

Rangi. Hii niliyoshika mnaionaje? Nyeusi? Siyo nyeusi, ni dak bluu, taa za dukani zinaidanganya kamera. Twende mlangoni... pisheni kidogo hapo... haya, sasa mnaiona bluu. Kila suti itoe nje uione juani, na uje na kipande cha kitambaa cha gauni. Magauni mengine ni meupe kabisa, mengine ni ya krimu, na shati jeupe sana pembeni ya krimu linalifanya gauni lionekane limechakaa. Bibi harusi hatakusamehe, na mimi nitakuwa upande wake.

Umelipa? Usiondoke. Geuza koti. Huu uzi wa X kwenye mpasuo wa nyuma ni wa dukani, unatolewa. Lebo ya mkononi nayo inatolewa. Chukua mkasi mdogo, kata uzi katikati, chomoa kila upande peke yake. Usivute! Ukivuta, uzi unakuja na kitambaa, na mpasuo uko nyuma kabisa ambako kanisa zima linakutazama. Kata, chomoa. Kata, chomoa. Mifuko ya nje nayo huwa imeshonwa. Mimi naiacha hivyohivyo, koti halitanuki ubavuni kwa sababu ya simu.

Saizi na bei nimeziandika chini ya video. Mkija, njooni na viatu na shati, na mje mapema, fundi wetu Desemba hii ana foleni.