Tisa si Tisa: Kuchagua Kaliba ya Bastola ya Kubeba

Assalaamu alaykum. Masheikh, mabwana na mabibi, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie kaliba, yaani ukubwa wa risasi, ya bastola ya kubeba kila siku chini ya nguo, na naona humu ukumbini wengi ni watu wa leseni: masonara, wasafirishaji wa fedha, na wenye maghala ya karafuu waliovuka kutoka Wete. Nimefundisha shabaha miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Maalim, ninunue ipi? Ile kubwa?"

Nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu leseni yako inataja silaha fulani. Ukikosea huwezi kurudi dukani kesho ukabadilisha kama viatu.

Hapa mezani nina risasi nne za mafunzo, hazina baruti wala fataki. Zipitisheni mkono kwa mkono, mzishike.

Hiyo nene, fupi, ni .45, namba inayotaja upana wake kwa inchi. Aliibuni John Browning, Mmarekani, na jeshi la kwao likaichukua pamoja na bastola yake mwaka 1911. Kichwa chake kina upana wa milimita 11 na nusu hivi na uzito wa gramu 15. Iliyo pembeni yake ni 9 kwa 19, ya Georg Luger, Mwaustria, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Kichwa chake ni gramu 8 tu. Kila anayezishika hizi mbili husema ile nene ndiyo yenye nguvu. Lakini ile nene huenda mita 260 hivi kwa sekunde, na hii nyembamba hufika 360. Ukipiga hesabu ya uzito na mwendo, nguvu zinakaribiana sana. Jicho limekudanganya.

Sasa shikeni hizo mbili zilizobaki, na hapa naomba tutulie. Moja ni 9 kwa 17, ambayo wengi huiita .380. Nyingine ni 9 kwa 18, ya Makarov ya Warusi. Pamoja na ile ya Luger, zote tatu dukani zinaitwa "tisa". Tisa si tisa! Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na hata kichwa cha Makarov ni kinene kidogo kuliko cha wenzake. Nimeletewa uwanjani boksi la Makarov na mtu mwenye bastola ya Luger, kaambiwa zinaingiliana. Haziingiliani. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha geuza risasi usome kitako cha ganda. Yasipolingana, rudisha.

Wamarekani wamelibishania jambo hili miaka mingi, na kisa chao kinatufaa. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wawili wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani, waliuawa katika mapambano na majambazi, na wenzao watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya milimita 9 ilimpata jambazi mapema, lakini haikuingia ndani ya kutosha, naye akaendelea kupiga. FBI wakaacha 9 wakaenda kwenye milimita 10, kisha ikaja .40 mwaka 1990. Wakaweka na kipimo: risasi ipigwe kwenye jeletini, ute mgumu unaoiga nyama ya mwili, ifike kati ya sentimita 30 na 45. Baada ya zaidi ya miaka ishirini wamerudi kwenye 9. Vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa, na maofisa wao walilenga vizuri zaidi na haraka zaidi kwa 9 kuliko kwa .40.

Hilo la kulenga ndilo ninalolipigania. Alikuja kwangu mfanyabiashara mmoja, simtaji, na kibastola kidogo kabisa cha .40. Umbali ulikuwa mita saba. Risasi ya kwanza ikapiga karatasi, ya pili ikapiga mchanga, ya tatu ikapiga mchanga wa karibu zaidi. Nikamwambia asimame. Nikamchanganyia risasi moja bandia kwenye magazini bila kumwonyesha ipo ya ngapi. Alipoifikia, bastola haikulia, lakini mkono wake uliinama mpaka mtutu ukaangalia miguu yetu. Akaganda. Aliona kwa macho yake kwamba anaogopa teke, yaani ule msukumo wa bastola kurudi nyuma ikilia, kabla halijampiga. Bastola ikiwa ndogo na risasi ikiwa kali, teke lote linaishia kwenye kifundo cha mkono. Nikampa 9 yenye mwili mzito kidogo, na zote tano zikaingia kwenye upana wa kisahani cha chai.

Kwa hiyo jibu langu ni 9 kwa 19. Kwa mwenye mkono dhaifu au mwenye maumivu ya viungo, .380 anayoimudu ni bora kuliko .45 inayomshinda.

Lakini nakuombeni mfikirie na pa kupigia. Sisi hatuishi jangwani. Uchochoro wa Mji Mkongwe una mawe pande zote mbili, na risasi ikigonga jiwe kwa ubavu huruka isikojulikana. Mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nyumba ya udongo na fito haizuii risasi ya bastola. Nyuma ya ukuta kuna mtu anasali. Ukipiga hewani Darajani, inaweza kuangukia Forodhani. Risasi yenye tundu kichwani hutanuka ikiingia mwilini, kwa hiyo aghlabu haipiti upande wa pili kama ile ya kichwa kizima. Ulizeni Polisi ipi mnaruhusiwa.

Na kuficha ni kuficha kweli. Visiwa hivi vimeona silaha: ghala la silaha la polisi la Ziwani lililovamiwa wakati wa Mapinduzi Januari 1964, na Kisiwandui alipouawa Rais Karume tarehe 7 Aprili 1972. Raia akionekana na bastola sokoni, hofu inayoingia haiulizi kaliba. Kanzu nyepesi haifichi kitu, na mfuko wake si ala. Funguo zikiingia kwenye triga, utajipiga paja mwenyewe. Nunua ala ngumu inayofunika triga yote, na mkanda imara.

La kutu nitalisema kwa ufupi: chumvi na jasho vinakula chuma. Nilibeba risasi zilezile kaskazi nzima, na siku ya kuzipiga mbili hazikulia. Ganda likianza kuwa na ukijani, liweke kando.

Kuna kikaratasi kimeletwa hapa. Mama mmoja anaandika kuwa mumewe anataka kubeba bastola dukani, na watoto hupita hapo wakitoka chuoni jioni, aiweke wapi? Mama, ikae mwilini mwake ndani ya ala, au kwenye kasha la chuma lenye kufuli na ufunguo awe nao yeye. Si kwenye saraka, si chini ya mto, si juu ya kabati. Kama hayawezi hayo kila siku ya Mungu, mwambie asiibebe.

Haya, nirudishieni risasi zangu. Moja, mbili, tatu. Zilitoka nne. Hazina baruti, najua, lakini mlango usifunguliwe mpaka ile ya Makarov ionekane. Nani anayo?