Vidonge vya vitamini na ini lililojaa mafuta kwa sababu ya pombe

NEEMA: Kaka Hamisi, mjomba wangu alikunywa pombe kila siku kwa miaka mingi, na kila asubuhi alimeza kidonge cha vitamini kutoka kwenye kichupa alichokiweka kando ya kitanda, akiamini kwamba kinalikinga ini lake. Je, imani hiyo ilikuwa na msingi wowote?

HAMISI: Ilikuwa na nusu ya ukweli, dada Neema. Mnywaji wa kupindukia hupungukiwa vitamini kweli, kwa sababu hali chakula cha kutosha, utumbo wake hushindwa kufyonza virutubisho vizuri, na ini lililougua haliwezi kuvihifadhi. Lakini kuziba upungufu huo hakuondoi mafuta yanayojaa kwenye ini la mnywaji. Ini linaposhughulika kuvunja pombe, uchomaji wa mafuta hupungua na utengenezaji wa mafuta mapya huongezeka, hata yakajaa ndani ya seli zake. Kwenye picha ya ultrasaundi utaliona liking'aa kwa weupe kuliko figo iliyo jirani yake.

NEEMA: Na mafuta hayo huondoka?

HAMISI: Katika hatua hiyo ya mwanzo huondoka, mara nyingi ndani ya wiki chache tu, mtu akiacha pombe kabisa. Hakuna kidonge cha vitamini kilichothibitishwa kufanya kazi hiyo.

NEEMA: Lakini vitamini E husifiwa sana.

HAMISI: Husifiwa kutokana na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, ambapo vizio 800 vya kimataifa (IU, kipimo cha vitamini) kwa siku, kwa wiki 96, vilileta nafuu ya ini kwa asilimia 43 ya waliovitumia, ikilinganishwa na asilimia 19 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ila wanywaji wakubwa hawakuruhusiwa kushiriki, kwa hiyo si haki kuwaahidi matokeo hayo. Vitamini A inanitia hofu zaidi: pombe huipunguza akiba yake katika ini, lakini anayeimeza kwa wingi huku anakunywa huweza kuliumiza ini lilelile.

NEEMA: Kwa hiyo vitamini zote hazina maana kwake?

HAMISI: La hasha! Thiamini, yaani vitamini B1, huokoa maisha. Mwili huhifadhi takriban miligramu 30 tu, akiba inayoweza kwisha ndani ya wiki chache, na ikiisha ubongo hudhurika. Mtu huchanganyikiwa, hupepesuka, na macho yake hucheza au hushindwa kugeuka. Daktari Mjerumani Carl Wernicke aliieleza hali hiyo mwaka 1881. Linaloniumiza ni kwamba dalili hizo hufanana na ulevi, basi ndugu humfunika shuka wakisema alale, pombe itamtoka, ilhali anahitaji sindano ya thiamini hospitalini, tena bila kusubiri na kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi.

NEEMA: Na anayetaka kuacha leo?

HAMISI: Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake, kwa maana anaweza kupata degedege na hata kufa. Aende kwa daktari, aseme bila kuficha kiasi anachokunywa.

NEEMA: Mjomba alifanya hivyo. Alilazwa, akachomwa thiamini siku kadhaa, na hajanywa tena. Kichupa chake tulikikuta kando ya kitanda, kikiwa nusu.