Msiipige Lipu ya Saruji Nyumba ya Mwaloni

Mabibi na mabwana, nitarudia niliyoyasema mahali pengi, maana watu bado wanapaka lipu ya saruji kwenye nyumba za kale za Uingereza, zile zenye mifupa ya mwaloni, mti mgumu uitwao oak kwa Kiingereza. Saruji inaua nyumba hizi.

Bayleaf mnaijua: nyumba ya mkulima wa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, sehemu yake kongwe ni ya mwanzoni mwa karne ya 15. Bwawa la Bough Beech lilipotaka kulimeza bonde ilimosimama, mafundi waliifungua boriti moja moja, wakaisimamisha upya Singleton, West Sussex. Waliweza kwa sababu mifupa yake haikushikwa kwa misumari. Ulimi wa boriti unaingia kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mwaloni kinapigiliwa kupita vyote viwili. Tena seremala hakutoboa matundu yakaoana. Aliyapishanisha kidogo makusudi, ili kigingi kikiingia kivute kiungo kibanane. Mti wenyewe ulichongwa ukiwa mbichi, ukakaukia humo humo kwenye kazi.

Basi nyumba hiyo inacheza. Mvua ikinyesha mti unavimba, jua likiwaka unasinyaa. Kati ya nguzo ni fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo wenye majani makavu na mavi ya ng'ombe, juu yake chokaa. Vyote hivyo vinakunywa maji na kuyatoa. Mtaniambia udongo ni wa maskini. Maskini gani? Mwenye Bayleaf alikuwa mkulima mwenye uwezo wake! Na udongo ukipasuka unalowesha, unakandika tena, kazi imekwisha.

Saruji haichezi. Pembeni ya nguzo hutokea ufa mwembamba kama uzi, maji yanaingia, yakishaingia hayana pa kutokea. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya shamba huko Kent. Ukuta mweupe, laini, unapendeza. Mwenyeji, mama mtu mzima, alilalamikia harufu tu, wakati wa baridi. Niliugonga ukuta kwa konzi, ukalia kama debe tupu. Tukabandua kipande cha ukubwa wa sahani, karibu na sakafu. Boriti ya chini, ile inayobeba nguzo zote, ilikuwa laini kama chicha la nazi. Niliichota kwa kijiko cha chai. Mti uliostahimili miaka zaidi ya 400, lipu ya miaka 30 imeumaliza! Yule mama aliishika ile chicha kiganjani, hakusema neno. Nyumba ile alizaliwa humo. Ndiyo maana sichoki.

Yaliyobaki nayapitia mbio. Ukumbi wa kati wa nyumba kama Bayleaf haukuwa na dohani. Moto uliwashwa sakafuni, na masizi yake bado yamo kwenye makombamoyo. Zile nguzo nyeusi za kwenye kadi za posta, weusi wake kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Kusini mwa Uingereza mwaloni mara nyingi uliachwa upauke kijivu. Paa sitaligusa leo, muda umeniishia.

Tarakimu za Kirumi ambazo maseremala walizichora kwenye viungo, wajue kipi kinakwenda na kipi, nimewaletea picha zake. Ziko mezani, hapo mlangoni.